Kamba ya Kijiji na Shamba la Mjane Wako

Mwalimu Hamisi,

Mwakeye, kama tunavyoamkiana hapa kila asubuhi, huko uliko. Hapa sote tumeamka, isipokuwa magoti yangu. Usishangae kupata barua yangu. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika uzeeni, katika darasa la watu wazima, kwa hiyo ukichoka kusoma jilaumu mwenyewe. Mwandiko bado unapanda na kushuka. Vumilia.

Tangu tukuzike yametokea mambo, na karibu yote nimeyashuku. Kwanza huyo ndugu yako. Alikuja matanga, akalia vizuri, akala vizuri zaidi, halafu akamwambia mkeo mbele yetu: "Shemeji, kiangazi hiki nakuacha. Kikiisha nitarudi kuangalia. Kama watoto hawashibi, tunarudi wote Singida." Baadaye Mama Rehema akanifuata, macho yake upande lilipo kaburi lako, akasema, "Baba, mimi siondoki hapa." Basi. Yote yakawa yanategemea maharage ya kiangazi, na maharage ya kiangazi hayaoti ila bondeni.

Na shamba la bondeni, unajua, linatolewa kwa kamba. Tangu tuhamishiwe kijiji hiki kipya utaratibu ni uleule: kamba moja ya katani, ndefu hatua mia, inalala nyumbani kwa mwenyekiti. Kila kaya inazungushiwa hiyohiyo pande tatu, na upande wa nne ni mto. Kamba ni moja, kwa hiyo mashamba yanalingana. Ndivyo tulivyoamini sote, na mimi nikiwemo, mpaka uliponiharibu.

Ulichora mto kwa kijiti pale uwanjani. "Mzee, panda kutoka mtoni hatua kumi. Kamba ya kwenda sambamba na mto imebaki ngapi?" Nikasema themanini, maana kumi inapanda na kumi inashuka. "Zidisha." Mia nane. Ukaniambia nipande ishirini, ikabaki sitini, ikawa elfu moja na mia mbili. Nikanogewa. Nikaruka kwa tamaa mpaka arobaini, ikabaki ishirini, ikarudi mia nane ileile! Nikakwambia umeniroga. Ukacheka mpaka ukakohoa.

Kile kikohozi, Mwalimu. Mimi ninayeshuku hata jogoo akiwika mapema, kile nilikiacha kipite.

Haya. Ukachomeka vijiti mchangani, kila kimoja kirefu kwa kadiri ya shamba lake, na vichwa vyao vikapanda vikashuka kama mgongo wa kilima. Ukasema hiyo inaitwa parabola. Nikadhani ni ugonjwa wa ng'ombe. Ukaokota gunzi ukalirusha juu ya paa la darasa, ukasema hata njia ya gunzi ni hiyohiyo. Nikakwambia gunzi halijasoma hisabati. "Ndiyo maana halibishi, Mzee." Halafu ukanionyesha kilele kilipo. Usipopanda hata hatua moja huna shamba. Ukipanda hamsini kamba yote imeishia kupanda na kushuka, huna shamba pia. Kwa kuwa kilima kinalingana huku na huku, kilele kiko katikati: ishirini na tano kupanda, hamsini kando ya mto. Hapo kamba inatoa shamba kubwa kuliko yote. Nilikagua vijiti kimoja kimoja, nikidhani umevikata kwa hila. Sikukukamata.

Basi kamati ikagawa bonde. Mama Rehema akapewa hatua kumi kupanda na themanini kando ya mto. Mia nane! Na mwenyekiti, nilipopita shambani kwake kama mtu anayetafuta mbuzi, nikakuta lake liko palepale kileleni. Damu ikanichemka. Nikamshuku mwenyekiti. Nikamshuku mshika kamba. Nikaishuku hata kamba yenyewe, maana katani ikilowa inajikunyata, na asubuhi ile kulikuwa na umande.

Nikasimama mkutanoni. Mwenyekiti akasema, "Mzee, kamba si ni ileile?" Nikasema kamba ileile, shamba silo. Wakacheka. Mmoja akasema nimekaa na marehemu hadi nimeambukizwa. Nikawachorea mto, nikachomeka vijiti, na kicheko kikaisha. Mwenyekiti akaapa kwamba la kwake alikadiria kwa macho tu. Macho gani hayo yanayoangukia kileleni? Bado namwangalia. Lakini akatoa amri mjane apimiwe upya, ishirini na tano kwa hamsini. Nilirudi nyumbani natembea kama bwana harusi.

Kabla sijakaa, Mama Rehema huyo mlangoni, mtoto mgongoni.

"Baba, nani alikutuma?"

Nikaanza kumweleza habari za kilele. Akanikatiza. Kumbe lile jembamba aliliomba mwenyewe! "Maji nabeba mimi, kwa debe, na huyu yuko mgongoni. Nitapandaje na debe hatua ishirini na tano, kila mstari? Halafu umeutazama udongo wa juu? Changarawe tupu. Wewe utakula ukubwa?"

Nikarudi mchangani, nikachomeka vijiti upya.

Hesabu yako haikukosea, nimeirudia. Ila kilima ulichonionyesha kilikuwa cha ardhi. Cha maharage ni kilima kingine, na kwa mtu mwenye debe moja kilele chake kiko karibu na maji. Hicho hukunichorea. Ulisahau, au ulikuwa unajua ukaona kwanza nijigonge? Hata wewe nakushuku, na kufa kwako hakukusaidii.

Nikarudi kwenye kamati kuomba lile dogo. Mwenyekiti alifurahi kama amezaliwa mara ya pili. "Juzi dogo dhuluma, leo kubwa dhuluma?" Bibi mmoja wa nyuma akapiga kelele: "Mpimieni kichwa kwanza!" Niliwaacha wacheke washibe. Wakamrudishia hatua zake kumi kwa themanini.

Kiangazi kikaisha. Ndugu yako akarudi kama alivyosema, na mfuko mtupu mkubwa, nikajua amekuja kupakia vyombo vya mkeo. Mama Rehema akampeleka bondeni. Maharage yalikuwa yamefunga kando ya mto mwanzo hadi mwisho, huwezi kuweka mguu. Akaangalia. Akarudi, akala sahani mbili, akawatazama watoto mashavu, akasema, "Haya, shemeji. Kaa." Mfuko wake ukaondoka na maharage. Nilimsindikiza kwenye basi la Kasulu, wakadhani ni heshima. Nilitaka kuhakikisha amepanda. Nikasimama mpaka vumbi likatulia, maana watu wa namna ile wanaweza kushukia hapo mbele.

Hajashuka. Mkeo yupo, Mwalimu. Ijumaa anafagia kwako, nami nasimama mbali kidogo, kwa kuwa dua zenu sizijui.

Nakuahidi hivi: kila kamba itakapofunguliwa kwa ajili yake nitakuwepo, na nitamshuku kila anayeishika. Ila kabla sijafungua mdomo mbele za watu, nitamwuliza yeye kwanza anataka nini.

Lala salama, mwanangu. Darasani sikuthubutu kukuita hivyo.

Mwanafunzi wako mkongwe, yule mbishi wa benchi la mbele.