Chupa ya Whisky mu Valise ya Odette

Yaya Philo, dada yangu mukubwa,

Ni mi, mudogo yako Régine, nakusalimia kutoka huku Kolwezi, ku Dilala. Magoti yako inaendelea aje? Ile dawa ya mizizi inasaidia? Na mihogo ya huko Sandoa, mvua haikubebe yote? Siye huku vumbi tunakula, lakini tunapumua. Usicheke mwandiko yangu, unajua masomo yangu iliishia kule mwalimu alisema mudomo yangu inakimbia kuliko mukono.

Sasa kaa muzuri, juu niko na habari ya Trésor, mutoto yangu. Tulienda ku Kasulo, hapa hapa Kolwezi, kwa bazazi ya ule binti mwenye anataka kuoa, kutia chupa ya kufungula kinywa. Bila chupa, batu ba binti habaongee, ile unajua. Na mwenye kuleta chupa njo banamupatia kiti ya mbele. Mi mwenye nilimuzaa, nilikuwa nangoja ile kiti tangu alipokuwa ananyonya. Nilitaka nikuombe pombe ya asali ya kwetu, ikuye na lori. Trésor akasema, "Mama, leo batu banatoka na whisky. Tantine Odette ataleta."

Odette, dada ya bwana yangu, ule mwenye kuuzisha biatu. Anaendaka Johannesburg sawa vile mi naendaka ku soko. Yaya, nisikufiche, niko na wivu ya ule mwanamuke mpaka chakula inanikwama. Alirudia na valise moja, sanduku ya safari sawa ngombe mwenye mimba, akaikalia pale mu lupango yetu, inje ya nyumba, akaanza kuhadisia avion, ile ndege. Eti alijaribu kuingia na bichupa mu mukoba ya mukono. Eti ule binti wa kukagua akamuambia, "Mama, ile haipande na weye huku juu, itaenda na mizigo." Eti akafungula valise pale chini, mbele ya bazungu, akavingirisha kila chupa mu nguo: moja mu soksi, moja mu pagne ya kitenge, moja mu costume, ile suti yenye Trésor alimutuma kununulia baba ya binti. Eti mu avion banakuletea kuku mu sahani ya kufunika, na ukiangalia chini, mawingu iko sawa unga ya kupika bukari, ugali yetu. Batu bote ba avenue yetu balikuwa pale. Kila mutu mwenye kuingia, Odette anaanza tena, na mi nakoroga bukari nikisikiliza, mpaka ikaungua. Mi, yaya, safari yangu kubwa ni ile ya kutoka Sandoa juu ya magunia, na mbuzi akinikojolea miguu. Ile hakuna mutu ananiulizaka.

Batu baliporudia kwabo, Odette akafungula valise. Chupa moja ilipasuka. Costume yote ililewa. Na ule baba ni diacre, shemasi ku kanisa ya Baprotesta. Whisky ilikuwa ya tonton, mujomba ya binti, yeye diacre hata harufu yake hapendi. Odette akanikamata mukono: "Régine, mulamu yangu, usiambie mutu."

Mi, nisiambie mutu. Yaya, unanijua. Ile neno ilikuwa mu kinywa sawa kaa ya moto. Ningeisema kule banateka maji, Odette angekuwa kichekesho ya Dilala. Lakini mambo ya Trésor ingeanguka pamoja naye. Njo tukafua na sabuni, tukafua na ndimu, tukaanika. Tuliponusa, hakuna kitu. Kumbe pua yetu njo ilikuwa imeshazoea.

Ku Kasulo, mu salon yenye ukuta iko na ufa sababu jirani anachimba cobalt chini ya nyumba yake, Odette alikaa mbele na perruque yake, nywele ya kununua. Mi banani­tia ku mulango ya jikoni. Tonton akapokea bichupa, meno yote inje. Diacre akapokea costume, akaisogeza ku uso juu ya kuangalia kitambaa. Akanusa, akanusa tena.

"Hii nguo ilikunywa pombe kabla ya kukuya?"

Akatuangalia mumoja mumoja.

"Nani alifunga hii mizigo?"

Odette anaangalia biatu yake. Trésor anatoka jasho. Diacre akakunja costume, akaitia chini. "Mutoto mwenye kuniletea nguo ya kulewa, nitamupatia binti yangu namna gani?"

Njo nikasimama. "Tata, ni mi. Mi mama yake. Niliogopa chupa isipasuke, nikaifunga mu nguo yenye ilikuwa nzito kuliko zote."

Akaniangalia. "Kumbe mama njo huyu? Na unakaa ku mulango juu ya nini? Kuya huku."

Banaleta kiti, yaya. Mbele kabisa. Na tonton, mwenye alishafungula chupa, ananiuliza, "Mama, tuambie, huko juu ya avion iko aje?"

Nikaangalia Odette. Odette anatengeneza perruque yake. Basi nikahadisia: ule binti wa kukagua, kuku, mawingu. Nikaongeza upepo ya kutikisa avion, na muzee muzungu mwenye kulia anaita mama yake. Diacre alicheka mpaka akapanguza macho. Akasema costume itafuliwa tena, na binti anakubali.

Mu njia ya kurudia, Odette akanitolea maneno: "Weye haujapanda hata ndege ya karatasi, na unakamata kiti yangu."

Nikamuambia, "Mulamu, uliniomba nisiambie mutu. Sikuambia mutu."

Tangu ile siku hanisalimie muzuri. Sasa wivu iko kwake pia, tunaigawanya. Lakini kwako nitasema kweli: nilipofika ku mawingu, kinywa ilikauka kidogo. Yeye aliiona na macho. Mi niliazima.

Mariage, arusi yenyewe, ni kisha mvua kuisha. Ukuye mwenye­we, ukae pembeni yangu pale mbele. Salimia baba mukubwa mwenye kutunza nyuki, na shemeki yangu, bwana yako, na ule mukwe wako mwenye kufundisha ku kanisa. Umuambie mama mudogo namukumbuka nikipika sombe, majani ya mihogo.

Na kama mutu ya Kasulo anapita Sandoa, anakuuliza kama mudogo yako alipandaka avion, umuambie ndiyo. Usiongeze kitu. Nitaongeza mi mwenyewe.

Ni mi wako,
Régine, mama Trésor