Tisheti Iliyogeuzwa

Dada Rose,

Nakuru ni mvua na baridi, hata chai ya kibandani imenipolea mkononi. Nilijikinga ndani ya makumbusho. Wameweka vitu vya kampeni za zamani: kofia, leso, mabango ya watu waliotuahidi lami. Tisheti moja imetundikwa ikiwa imegeuzwa, sura ya mgombea iko ndani. Nikacheka, nikamwambia mama anayelinda hapo, "Mathe, hii mmeitundika vibaya."

"Hapana, boss. Mwenyewe aliigeuza ule mwaka wa vita vya kura, ndio apite kwa vijana waliofunga barabara. Akapita. Lakini aliivaa hivyo mpaka akafa."

Rose, niliitazama tena ile tisheti. Si ndivyo Baba huvaa tisheti zake zote, hata ile ya kanisa? Na sisi humcheka, "Mzee, ulivaa gizani?" Wewe unamgeuzia, unapiga pasi. Yeye huingia chumbani, akatoka ameigeuza tena.

Nimewamiss sana. Mkumbatie Baba kwa niaba yangu. Na ukianua nguo zake, tafadhali, ziache vile anavyozivaa.

Kaka yako,
Joe