Kasha la Mkate Linalofumuliwa Kila Asubuhi

Mpendwa Mama Fumiyo, naomba msaada kabla sijapasuka, maana nimebuni kasha la mkate, la mbao za mwerezi zilizopindwa kama vikasha vya wali ambavyo ukoo wetu hapa Odate unavitengeneza tangu enzi za babu, ila hili ni kubwa, na kifuniko chake ukikigeuza kinakuwa ubao wa kukatia, na mkate unakaa siku tatu haukauki wala hauoti ukungu, nilipoona hivyo nilicheza jikoni peke yangu kama mwehu! Duka moja la Tokyo linalitaka kwenye maonyesho ya mwezi ujao, mradi liwe na chapa ya karakana yetu, sasa chuma cha chapa anacho baba yangu, Mzee Tokuzo, naye alilitazama kasha akasema, "Chizuru, sisi tunakula wali," akaendelea na kazi, na tangu hapo kila asubuhi nakuta mshono wangu wa gome la mcheri, ule unaoshikilia ncha za mbao, umefumuliwa wote, kando yake kaacha gome jipya limelowekwa, nashona, anafumua, mara ya nne hii, na hasemi neno! Karakana ya jirani iko tayari kunigongea chapa yao. Niende?

Chizuru, Odate

Chizuru mwanangu, hongera! Kasha hilo nalitaka hata mimi, la kwanza liwe langu. Lakini jamani, umezaliwa karakanani na bado huoni?

Baba yako angelikataa, saa hizi lingekuwa limeshachomwa kuni. Kafumua bila kukwaruza ubao, kakuchagulia gome, kakulowekea, na wewe unasema hasemi neno! Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kazi hiyo hiyo. Alinifumulia mishono majira mazima ya baridi, nikalia, nikamtukana hadi mama yake, kumbe mwenzangu ananifundisha.

La jirani lifute kabisa, usimvunje moyo mzee wa watu. Leo usishone mbiombio kama mtu anayekimbilia treni. Chukua kikasha anachobebea wali wake mwenyewe, tazama anavyobana gome pale mwanzo na pale mwisho, kisha ushone hivyo hivyo, taratibu. Akifumua tena, shona tena.

Asubuhi utakayokuta mshono haujaguswa, usipige kelele, usimwulize kitu. Washa moto wa kupashia chuma cha chapa, weka kasha lako karibu na mkono wake, halafu toka nje ukamnunulie mkate.