Vidole vya Malachy Tierney, Mdakaji wa Holyoke

Mwaka umetimia, mume wangu Malachy, tangu tukuzike hapa Holyoke ukiwa na miaka ishirini na tisa. Rozari tulikufumbatisha kwa shida, maana hukuwa na kidole hata kimoja kilichonyooka.

Misimu saba ulisimama nyuma ya mpigaji, ukidaka mipira ya besiboli kwa mikono mitupu, na timu ikikulipa mshahara. Baba yako alisema hajapata kusikia mtu mzima akilipwa kwa kucheza. Lakini kabichi na nyama ya chumvi ulizoleta Jumapili alikula, tena akaongeza.

Ulikuwa mpole. Mwanetu Delia ulimbeba kwa vigasha, usije ukamkwaruza kwa kucha zako zilizopasuka. Mama yako ulimchotea maji hata siku za mechi.

Ubishi nao ulikuwa wako. Nilikushonea glavu za ngozi, ukazivaa siku moja tu. Watazamaji wakapiga kelele: "We Tierney! Mbona umevaa soksi mikononi? Unasikia baridi?" Ukazivua palepale, ukazitupa nyasini. Mimi ndiye niliyeziokota. Nyumbani ukaniambia, "Honora, bora kivunjike kidole kuliko jina." Jina lako lipo zima mpaka leo, na bado nimekukasirikia.

Kisha kidole chako cha mwisho kikapasuka hadi mfupa. Ukakipaka udongo wa uwanjani, kama mnavyofanya wadakaji wote kuzuia damu, ukamaliza mchezo. Siku ya nane ukausogeza mkate pembeni.

"Taya limechoka tu, mke wangu," ulisema.

Daktari alisema ni pepopunda. Siku ya kumi na moja ulikuwa umetutoka.

Nafasi yako ameichukua mdogo wako, Cornelius. Nilimpa zile glavu, akacheka: "Shemeji, nikizivaa hizi, kaka ataona haya huko kaburini." Nilimwambia kaburini huoni kitu. Jumamosi ya wiki iliyopita mpira ulimpasua kidole gumba. Nikamwuliza amekisafisha kwa kitu gani.

"Kwa udongo, shemeji. Kwani kuna kingine?"

Tangazo hili la kumbukumbu nilikuwa nimemaliza kuliandika jana. Nimelirudia asubuhi hii kabla ya kulipeleka gazetini, kwa sababu Cornelius ameacha mkate wake. Mimi nilishindwa kumwuliza, mama yako ndiye aliyemwuliza. Amejibu kwamba taya limechoka tu.

Wanaokukumbuka ni baba yako Jeremiah, mama yako Johanna, mwanao Delia, mimi mkeo Honora, na mdogo wako Cornelius, ambaye jina lake naliandika huku tukimsubiri daktari.

Siku zote tutakukumbuka, Malachy. Ila huyu usimwite.