Baba, Mama Amekula Firigisi

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini hukunilea nianze kumsimulia mtu mambo kabla sijamwamkia, na mimi nimeshachelewa kubadilika.

Ni mimi Nsia, kitinda mimba wako. Yule uliyemwambia kwamba kuendesha watalii mbugani si kazi ya mtoto wa kike, kisha ukaenda kujisifu kwa wazee wenzako wa kanisa kuwa binti yako anapita na gari kwenye matope ambayo wanaume wanashuka kusukuma. Habari zilinifikia, Baba. Wazee wa kanisa hawana siri.

Nakuandikia kwa sababu nina habari njema, na mtu wa kuielewa yote ni wewe peke yako. Mama amekula. Tena si kula tu, amekula firigisi. Ngoja nianze mwanzo kabla hujanibishia huko uliko.

Tangu tukupeleke Machame tukakulaza kihambani, kwenye shamba la ukoo, karibu na babu, mambo mengi yamekwenda vizuri. Kaka Elibariki ameshika duka la vifaa vya ujenzi na anawafokea wateja kwa maneno yako yaleyale, "Misumari si karanga, acha kuionja." Barabara yetu hapa Sokon imewekwa lami, ile uliyoisubiri mpaka ukachoka, na Mama anasema walikuwa wanangoja uondoke makusudi. Kofia yako ninayo mimi. Kitu kimoja tu ndicho kilichokataa kwenda, nacho ni meza.

Unaijua nyumba yetu. Hakuna aliyegusa chakula kabla yako. Mama alikupakulia wewe kwanza, firigisi juu ya wali, ukaomba, ukaitafuna firigisi taratibu huku sisi tukimeza mate, ndipo ukatuonyesha kwa mkono kwamba tuendelee. Ulipoondoka, Mama hakuacha. Kila Jumapili alichinja kuku, akapakua sahani yako kwanza, akaiweka mahali pako na firigisi juu, kisha akakaa. Na sisi tukakaa. Hakuna wa kuanza, Baba! Siku moja Elibariki alijikaza akashika kijiko. Mama akamtazama, kijiko kikarudi mezani chenyewe. Chakula kikapoa, tukala kwa aibu, na yeye akasema ameshiba. Jioni sahani yako ikapashwa moto ikaenda kwa mlinzi wa jirani, ambaye amenenepa, mshukuru Mungu.

Lakini Mama aliisha. Lile gauni la kitenge alilovaa siku ya kukuzika sasa linamzunguka kama pazia. Daktari alimpima akasema hana ugonjwa wowote, ila mtu huyu hali chakula. Niliogopa, Baba. Nakwambia wazi, kuna siku nilikaa ndani ya gari nikalia, maana niliona tunarudi kihambani kuchimba tena.

Basi mwezi uliopita nilikuwa na wageni kutoka Ufaransa, mzee na mkewe. Njiani yule mama akaniuliza habari za wazazi wangu, na mimi unanijua, ukinifungua bomba sifungiki. Nikamwambia yote, sahani, firigisi, gauni. Akalia kidogo, akamtafsiria mumewe. Siku ya kuondoka wakaniachia kadi: meza ya watu watatu, Jumamosi mchana, kwenye ule mgahawa wa Kifaransa ulio katika nyumba ya zamani ya walowezi, ukishapita Usa River kuelekea Momela. Kila kitu kilikuwa kimeshalipwa.

Ule mgahawa mimi nilikuwa naujua kwa maegesho yake tu. Miaka yote nimewashusha wageni pale, nikabaki kwenye gari na chapati zangu nikiutazama Meru, huku harufu za ndani zikinijia dirishani. Kuingia kwa mlango wa mbele, tena na Mama mkononi, hata ndotoni sikuwahi.

Mama alikataa. Akasema mjane hazunguki akila kwa watu. Nikamwambia, haya, tusipokwenda chakula kitatupwa. Hapo nikampata. Mama anaweza kukataa raha ya dunia nzima, lakini chakula kitupwe na yeye yupo, hilo hawezi. Akavaa, akachukua mkoba wake mkubwa, akamwambia Elibariki achomekee shati.

Ungekuwepo! Vitambaa vya meza vyeupe mpaka unaogopa kuweka mkono. Elibariki aliangalia uma na visu vilivyopangwa mbele yake akauliza kama kuna watu wengine wanakuja. Mhudumu wetu alikuwa Naserian, dada wa Engutoto ninayefahamiana naye tangu zamani, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiniletea chai kwenye gari. Siku hiyo alinivutia kiti nikae, tukaangaliana, nikashindwa kujizuia kucheka. Walipomimina divai, Mama aliinamisha kichwa na kuipokea kwa mikono miwili, kama yuko kwenye Meza ya Bwana. Sikumrekebisha. Kisha vikaja vijiko, kila kimoja na kitu kidogo juu yake cha ukubwa wa kidole gumba. Elibariki alimeza chake, akameza na cha Mama aliyekikataa, akamwambia Naserian, "Aisee, sampuli ni nzuri. Sasa tuletee mzigo."

Elibariki akaombea chakula. Ukaja mzigo.

Naserian alimpita Elibariki, akanipita na mimi, akaiweka sahani ya kwanza mbele ya Mama. Kwa Wafaransa wanaanza na mama. Mama akaitazama: majani mabichi, vipande vya karanga fulani za Ulaya, na juu yake nyama nyeusi iliyokatwa nyembamba. Akauliza, "Hii ni nini, mwanangu?"

"Firigisi za bata, Mama," Naserian akajibu kwa furaha. "Mpishi wetu anazipika polepole kwenye mafuta mpaka zinalainika."

Nilitaka kuingia chini ya meza. Mpaka leo sijui kama yule mgeni wangu alimwambia mpishi, au ni Mungu mwenyewe aliyeamua kutuchezea.

Mama aliisukuma sahani kwa Elibariki. "Hii ni ya baba." Elibariki akaruka kama kaona nyoka. "Mimi siyo baba!" Akaileta kwangu. Mimi nikairudisha kwa Mama. Mama akairudisha kwa Elibariki. Na Naserian, ambaye amefundishwa kazi yake vizuri, kila akipita anaichukua kwa adabu na kuirudisha mbele ya Mama. Wazungu wa meza ya jirani waliacha kula wakawa wanatutazama sisi. Mwishowe Mama akafungua mkoba, akatoa kopo tupu la siagi, lile analotembea nalo kila harusi, akaanza kuzitia firigisi humo moja moja kwa uma. Anakupelekea wewe nyumbani.

Hapo ndipo mpishi alipotoka jikoni. Mfaransa mnene, mashavu mekundu, ameshika kofia mkononi kama mtu aliyeitwa msibani. Akauliza kama chakula kina kasoro. Naserian akawa mkalimani.

"Mwambie hakina kosa lolote," Mama akasema. "Ila hii ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba hayupo."

Mpishi alisikiliza, akakuna kichwa, kisha akaanza kueleza kwa mikono yote miwili. Naserian akatutafsiria, "Anasema kwao firigisi ni ya aliyepika. Bibi yake alikuwa anaila jikoni, amesimama, kabla kuku hajafika mezani. Na hakuna aliyethubutu kumuuliza."

Mama aliweka uma chini. Halafu mabega yakaanza kutikisika. Elibariki akanitazama kwa hofu, akidhani tumemliza. Kumbe anacheka, Baba. Mama anacheka! Sikuwa nimeisikia sauti ile tangu ulipougua.

"Hata mimi," akasema. "Krismasi tulikuwa tunachinja jogoo wawili. Kwani mlidhani baba yenu alikuwa anapata zote mbili?"

Nikakumbuka. Kila Krismasi ulikuwa unakoroga sufuria kwa mwiko, unapekua, unatafuta, kisha unatangaza, "Jogoo mmoja kazaliwa bila firigisi. Tumwombee." Na Mama alikuwa anageukia dirishani kuangalia sijui nini. Sisi tulicheka tukijua ni utani wako wa kawaida. Kumbe ulijua! Miaka yote ya ndoa ulijua, na ukachagua kumwombea jogoo. Nilikupenda upya pale mezani, Baba, mdomo umejaa mkate.

Mama alicheka mpaka kilemba kikahama. Kisha kicheko kikamwishia, akajifuta macho kwa kile kitambaa chao cheupe. "Alikuwa anajua," akasema taratibu. "Na mimi nilikuwa najua kwamba anajua. Utamu wake ndio ulikuwa huo. Sasa nikiila, nitamficha nani?"

Mimi na Elibariki tukatazama chini. Hata mpishi, ambaye hakuelewa neno, aliinamisha kichwa.

Na nani unadhani alituokoa? Elibariki. Mwanao huyo uliyesema kichwa chake ni tofali lisilokauka. Alichukua kitambaa chake cha mezani, akakikunjua, akajifunika uso wote. Kutoka ndani akasema, "Sisi hatuoni kitu, Mama."

Nami nikajifunika changu. Nilimsikia Naserian akimweleza mpishi kwa sauti ya chini. Nilichungulia kidogo, nisamehe, nikamwona mpishi amegeuka ametupa mgongo, anaangalia ukuta, na Naserian naye kageuka, na hata yule bibi wa Kizungu wa meza ya jirani kaziba macho kwa mikono ingawa hakuna aliyemwambia. Nikarudi ndani ya kitambaa changu. Nikasikia uma ukigusa sahani. Nikasikia kutafuna. Baba, sijawahi kusikia wimbo wa kwaya uliozidi ule.

"Ni laini mno," Mama akasema baada ya muda. "Firigisi inatakiwa ipigane na meno kidogo."

Tulipofunua nyuso, alikuwa amezirudisha zile za kwenye kopo sahanini na alikuwa anamalizia. Akatuonyesha kwa mkono kwamba tuendelee, na sisi tukaendelea, mimi nikila na kulia na kucheka kwa pamoja, sikujua hata ladha yake.

Vilivyofuata sitavimaliza kukueleza. Supu ya uyoga, Mama aliikomba kwa mkate. Kondoo, Mama alisema mpishi angempa moto kidogo tena. Jibini yenye harufu kali mpaka Elibariki akachungulia soli ya kiatu chake, lakini Mama akaila, akasema haya maziwa yamelala kuliko mgando wetu ila yameamka vizuri. Sahani ni pana, chakula kimekaa katikati peke yake, na kila alipomaliza moja Mama alidhani ndiyo mwisho, akasimama kutoa neno la shukrani. Alishukuru baada ya supu. Akashukuru baada ya kondoo. Alipomaliza keki ya mwisho na kusimama tena, meza zote zilikuwa zimeshazoea, zikapiga makofi. "Aika mbe," akamshukuru mpishi kwa lugha ya kwetu, na kumkaribisha Sokon aje aonje mtori wetu wa ndizi. Yule bwana alikubali. Anakuja, nimeshamwelekeza njia.

Lakini sijakuandikia kwa ajili ya Wafaransa. Nimekuandikia kwa ajili ya Jumapili iliyofuata.

Tulirudi kutoka kanisani, Mama akachinja jogoo mwenyewe, akatufukuza jikoni. Alipoita, meza ilikuwa na sahani tatu. Yako haikuwepo. Nilisimama pale mlangoni nikingoja moyo uumie, na uliuma, sitakudanganya. Mama akavuta kiti chako akakaa, akaomba, akaanza kula bila kumngoja mtu. Chakula kilikuwa cha moto, Baba. Nilikuwa nimesahau wali wa Mama unavyokuwa ukiliwa wa moto.

Elibariki alijipakulia mchuzi. Akakoroga, akapekua, akarudia kupekua. Hakukuwa na firigisi. Alifungua mdomo, nikampiga teke chini ya meza. Mama alikuwa anaangalia dirishani, shavu moja bado linatafuna.

Basi pumzika, Baba wangu. Sahani yako hatutaiweka tena, usituhesabie dhambi. Mama anakula. Na nakuahidi, mimi na Elibariki, hatutamuuliza kitu, mpaka siku atakapokuja kukusimulia mwenyewe, na siku hiyo iwe mbali sana.

Binti yako,
Nsia