Kiberiti cha Jumapili

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amemrudisha kaka nyumbani. Hakuwa na maneno mengi. Unga wa miaka thelathini umekaa kifuani, alisema, na hakuna wa kuutoa. Mpeni anachotaka. Tumemwekea kitanda chumba cha nyuma ya duka la mikate, ukuta mmoja na tanuri, maana anapenda joto. Tangu utoto tunamwita Hamira, kwa kuumuka upesi akikasirishwa. Leo hata kukasirika hawezi. Nilipokuwa namvua viatu akaniambia mkate wa asubuhi haukukolea chumvi. Hajauonja — ameunusa tu!

Anachotaka nakijua. Jumapili ya tarehe kumi na sita ni Meza ya Bwana.

Alhamisi, 6 Machi

Wazee wa kanisa wamepita na kadi za meza, nyumba kwa nyumba. Bila kadi mtu haketi mezani. Nyumba yetu ina watu watatu: Baba, Hamira na mimi. Kadi zilikuwa mbili. Mwaka wa kumi na moja huu zinakuja mbili — na mkate wenyewe wa meza unatoka kwenye tanuri la huyo wa tatu. Unaokwa Jumamosi, ili Jumapili moto usiguswe.

Niandike tena ilivyokuwa, maana nikiandika hasira hupungua. Mwaka wa mafuriko watu walijazana ukumbi wa shule, hawana kitu. Jumapili alfajiri Hamira akawasha tanuri. Baraza la wazee likasema tendo la huruma linaruhusiwa, lakini angeuliza kwanza. Asimame mbele ya kanisa aseme amekosa. Akajibu kwamba haombi ruhusa ya kulisha mtoto mwenye njaa. Wakapiga kura atengwe na meza. Mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wa Baba.

Baba ni fundi saa na ni mzee wa kanisa. Leo, wenzake walipoondoka, nimemwomba apeleke jambo la Hamira barazani upya. Akafuta miwani. Akarudi kwenye saa zake.

Jumapili, 9 Machi

Chakula baridi, kama kila Jumapili. Jumamosi jioni Baba hukusanya viberiti vyote vya nyumba, huvitia kwenye droo ya kabati la sahani, hufunga, ufunguo mfukoni. Hamira aliwahi kunionyesha chake cha siri, nyuma ya debe la unga. Sijawahi kukitumia. Hata kukitazama naogopa. Na mtu mzima mimi, mvi zimeshaanza!

Mchungaji alihubiri juu ya wateule — waliochaguliwa kabla dunia haijaumbwa, si kwa matendo yao. Ofisini kwake kuna picha ya Kalvini, mwalimu wa kale wa kanisa letu, ndevu zimechongoka. Mema yake siyakatai. Ni kwa mafundisho yake Baba alinifundisha kusoma nikiwa na miaka minne, majirani wakimcheka kwamba anamsomesha msichana. Kila mtu alisome Neno mwenyewe, alisema. Ni kwa mafundisho hayo mizani ya duka letu haijawahi kumpunja mtu.

Na ni kwa mafundisho hayo hayo Baba huingia chumba cha nyuma kila jioni kutafuta dalili kwamba amechaguliwa. Hunivuta pembeni aniulize kama Hamira ametoa chozi. Moyo usiolia ni moyo mgumu, na moyo mgumu, anavyoogopa yeye, haukuchaguliwa. Humtazama mwanawe kama anavyotazama saa iliyosimama, jicho moja kalifumba. Hajakaa kitandani pake hata mara moja.

Jumanne, 11 Machi

Kumbe Baba alilipeleka barazani! Leo amekuja Mchungaji pamoja na mzee mmoja, muuza mbao. Walitaka sentensi moja tu, hata akiwa amelala: nimekosa kuwasha moto ule. Nilimwomba Mungu aiseme. Nilimwomba huku nimeuma meno.

Hamira alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Kisha akasema, "Nimekosa mengi, Mchungaji. Andika yote. Hilo sikukosa."

Mchungaji alimshika miguu juu ya blanketi. Si mtu mbaya. Muuza mbao alisema sheria ni msumeno — nani ajue zaidi yake — lakini alisema kwa huzuni, nakiri. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alitoa saa yake, ambayo haijawahi kukosea, akaitia majira.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeoka mkate wa meza. Kwanza nilimpelekea Hamira unga uliokandwa kwenye bakuli, akaudidimizia kidole. Ongeza maji kidogo, alisema. Kisha, kidole bado kimo ndani:

"Na wewe, mdogo wangu, unaamini sikuchaguliwa?"

Hapana ni neno dogo. Ningelisema tu. Nikasema sijui. Sijui! Ndivyo nilivyolelewa, kutosema nisichokijua, na nimemfanyia hivyo mtu anayekufa. Alitabasamu, akasema mimi ni mizani ya Baba kweli. Nilirudi kwenye tanuri nikalia mpaka mkate ukaungua upande mmoja. Nilikwangua weusi kwa kisu.

Tangu mchana hamezi kitu kikavu. Jioni Baba amefunga droo.

Jumapili, 16 Machi

Kuandika Jumapili hakukatazwi, nilishauliza.

Nilitoa kadi yangu, nikaketi mezani. Baba ndiye aliyepitisha sahani upande wetu. Mkate nilioukwangua. Nilikula — nimdanganye nani humu? Nilikula na ukanikwama. Sahani ilipomrudia, Baba alichukua kipande chake kama wazee wengine. Hakukipeleka mdomoni. Kilikwenda kwenye leso, na leso ikaingia mfuko wa koti. Mzee wa kanisa! Muuza mbao alimwona. Alifumba macho kama anayeomba.

Baba amefika nyumbani, hakuvua koti, amekwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akakaa kitandani. Amekaa! Akafungua leso gotini.

Hamira alikitazama kipande kile muda mrefu. "Baba, hicho ni chako."

"Ndiyo. Ni changu."

Alimtilia chembe mdomoni. Haikupita. Hamira alikohoa, ikatoka, Baba akaiokota kwenye shuka kwa vidole vile vya kuokotea skrubu. Akajaribu tena. Haikupita. Nikasema hakitapita bila kulowekwa kwenye maji ya moto. Nimesema tu, kama mtu wa jikoni, sikuwa na nia yoyote.

Baba aliniangalia. "Basi washa jiko."

Nikamwambia viberiti viko kwenye droo.

Sasa nimekaa jikoni, daftari juu ya goti, sufuria ya maji iko tayari juu ya jiko. Yeye yuko kwenye kabati la sahani. Mikono inayotengeneza saa ndogo kuliko kucha leo inakosea, nasikia ufunguo unagonga tundu la kufuli, hauingii. Hamira anakohoa. Nyuma ya debe la unga kuna kile kiberiti kingine, hatua tano tu kutoka hapa. Siinuki. Hii droo aifungue mwenyewe. Ee Mungu, aifungue upesi — umeingia. Ufunguo umeingia, lakini bado hajauzungusha.