Kikombe cha Mama Nilikifinyanga Mimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana tangu juzi situlii, nafagia karakana niliyokwisha kuifagia, naketi, nainuka tena. Mimi ni mfinyanzi, nafundisha vikundi, leo ofisi nzima imekuja na bosi wao kujifurahisha, kesho ni sherehe ya kuzaliwa, wanavaa aproni, wanataniana, kila mtu anafinyanga kikombe chake na kuniachia nikikaushe na kukichoma, na hapo ndipo penye siri yangu, kwa sababu vikombe vya wageni hupenda kupasuka tanurini, basi kinachopasuka nakifinyanga upya kimyakimya, nakipindisha kidogo kifanane, mwenyewe anakuja kukichukua kifua mbele, na kwa miaka minne hakuna aliyelalamika.

Miezi miwili iliyopita alikuja binti mmoja na mama yake aliyepata kiharusi, mkono wa kulia umelegea, mama akahangaika na donge lake saa nzima hadi jasho likamtoka, kikombe kikawa kinene mno chini, na tanurini kikapasuka vipande vipande, nami kwa huruma nikafinyanga kingine, na huruma ikanizidi nikakifanya kizuri. Binti alipokiona alilia. "Mkono wa mama umerudi!" Juzi kanipigia simu, Jumamosi wanakuja ukoo mzima, mama afinyange mbele ya wajukuu, na yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo wameshamwambia asije tena, mama amepona. Nikisema nitamvunja mama moyo, na wateja wote watajiuliza vikombe vyao ni vya nani, nikinyamaza Jumamosi hiyo inakuja, nimefikiria hata kusema tanuri limeharibika, nifanyeje?

Mfinyanzi Asiyetulia

Mfinyanzi, kaa kitako kwanza. Umekaa? Haya.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, lakini wewe umeamua wateja wako wasikione kigae hata kwa macho. Huruma yako naielewa, na sikuhesabii kuwa mtu mbaya. Ila tanuri liharibike, kweli? Na Jumamosi ya pili kiharibike nini, paa?

Habari ya wateja itasubiri. Mkono ulioachishwa mazoezi hausubiri, na kila siku unayoshika ufagio wewe, mwenzio anazidi kukakamaa. Mpigie binti leo, useme bila kuzunguka: kikombe cha mama kilipasuka, hicho nilikifinyanga mimi, tafadhali mrudisheni mtaalamu. Atakufokea. Mwache afoke, ana haki. Na kuanzia sasa kikombe cha mtu kikipasuka, mwambie, umkaribishe kufinyanga kingine bure. Wengine utawapoteza, ndiyo.

Sasa hili la kumvunja mama moyo. Nimesoma barua yako mara mbili. Binti analia, binti anashangilia, binti anapiga simu. Neno la mama mwenyewe hujaniandikia hata moja. Mtu aliyetokwa jasho saa nzima juu ya donge lake, ukamkabidhi kikombe kingine, unadhani hakujua? Anajua, ndugu yangu. Amenyamaza asiwaharibie watoto furaha yao, na siku zinahesabika kabla hajaketishwa mbele ya wajukuu aumbuke kwa ajili ya uongo wako. Weka gazeti chini, piga simu.